Mji wa Mito Miwili



Darasani tulikariri kwamba mito Ganga na Yamuna hukutana Allahabad, kaskazini ya India. Mimi niliishia hapo, na alama zangu nikapata. Sikujiuliza kwa nini mfalme Akbar alijenga ngome yake penye makutano hayo mwaka 1583.

Lakini nililotaka kusema hasa ni hili. Indira Gandhi alizaliwa katika mji huohuo mwaka 1917. Tarehe 12 Juni 1975, Jaji Jagmohanlal Sinha wa Mahakama Kuu ya hapo alibatilisha ushindi wake wa ubunge wa 1971, kwa kuwa watumishi wa serikali walitumika katika kampeni. Akamzuia kugombea kwa miaka 6. Waziri Mkuu mzima! Baada ya siku 13 hali ya hatari ikatangazwa. Wapinzani wakafungwa, magazeti yakawekewa wakaguzi. Bunge likabadilisha sheria ya uchaguzi, na mwezi Novemba Mahakama ya Juu ikamrudishia ushindi. Machi 1977 wapiga kura wakamwangusha.

Tangu 2018 mji unaitwa Prayagraj. Mahakama Kuu bado ni ya Allahabad.