Santuri Haikui Kabatini



Mwenye santuri nyingi huhesabiwa kuwa tajiri wa muziki. Utajiri huo, hata hivyo, hauongezeki kwa kufungiwa kabatini. Huongezeka kwa kusikilizwa na wengi. Historia ya muziki wa nchi hii yashuhudia hivyo.

Tangu miaka ya 1930, kampuni ya His Master's Voice ilisambaza barani Afrika santuri za muziki wa Kuba, zilizojulikana kwa herufi GV. Zilizunguka mara 78 kwa dakika, na kila upande ulibeba wimbo wa takriban dakika tatu. Huko Morogoro, Salum Abdallah aliupenda muziki huo, na bendi yake ikaitwa Cuban Marimba. Hata alipofariki mwaka 1965, mdundo uliovuka bahari ulikuwa umekwisha kuvaa Kiswahili.

Kuipata santuri ya bendi ya nyumbani hakukuwa rahisi. Bendi nyingi zilirekodi kwenye kanda za Radio Tanzania Dar es Salaam, na zilizotaka kutoa santuri zilitegemea Nairobi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na mpaka wa Kenya kufungwa, njia hiyo iliziba. Nyimbo nyingi zilibaki redioni tu. Kwa hiyo, kaseti iliyorekodiwa sebuleni kutoka redioni yaweza leo kuwa na thamani kuliko santuri ya dukani.

Katavi ina sababu ya ziada ya kulijali jambo hili. Wapimbwe, Wabende na Wakonongo wana ngoma zao. Reli kutoka Kaliua ilileta wageni Mpanda. Wasukuma wakaja na mifugo yao. Katumba na Mishamo zikawapokea wakimbizi wa Burundi katika miaka ya 1970. Na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika iko Kongo, chimbuko la rumba iliyochezwa kote Afrika Mashariki. Mkusanyiko mpana wa muziki katika mkoa huu si anasa. Ni picha ya majirani.

Lakini kaseti nyingi hazina maandishi. Mwenye nayo huenda hajui bendi wala mwaka. Ikipigwa mbele ya wasikilizaji kumi, mmoja atamtambua mwimbaji, mwingine atakumbuka ukumbi alimochezea wimbo huo, na wa tatu atafasiri maneno ya lugha ya kwao. Maarifa hayo hayamo ndani ya kanda. Yamo vichwani mwa wazee, na mzee akiondoka huondoka nayo. Ndiyo maana kusikiliza pamoja ni kuhifadhi.

Utunzaji wake hauhitaji gharama kubwa. Santuri isimamishwe wima, mbali na jua, maana joto huipinda. Ifutwe kwa kitambaa laini kwa kufuata mzunguko wa mifereji yake, na ishikwe kingoni. Kaseti iwekwe mbali na sumaku na spika, isiachwe penye vumbi wala unyevu. Kabla ya kuzeeka zaidi, inakiliwe kwenye simu au kompyuta, na jina la wimbo, la mwimbaji na la aliyeitambua yaandikwe.

Mwenye sanduku la kanda chini ya kitanda asilitupe. Alifungue, awaalike majirani, na kalamu iwe karibu.