Mtoto wa Miaka Miwili Hukaa Wapi Mama Akiwa Sokoni?

Hotuba kwa wazazi, wafanyabiashara na viongozi wa mitaa ya miji ya Homa Bay na Migori



Katika miji ya Homa Bay na Migori, siku ya kazi huanza gizani. Wavuvi wa omena huingia ziwani usiku na kuwavuta samaki kwa taa, na mashua zao hurudi ufuoni alfajiri. Mama anayenunua omena huwa tayari pale na beseni lake, kwa maana anayechelewa hukuta mzigo mzuri umekwisha, na omena ni lazima ianikwe mapema ipate jua la siku nzima. Mama mboga naye huwahi kununua mali kwa bei ya jumla kabla ya wachuuzi wengine kufika. Mwenye kibanda cha chai na chapati kando ya barabara kuu iendayo Isebania huwasha jiko saa kumi na moja ili madereva wa matatu wapate kitu cha moto. Wote hawa wana jambo moja ambalo halionekani kwenye risiti ya ushuru wa soko: wengi wao wameacha mtoto mahali fulani.

Mahali gani? Hilo ndilo swali la leo.

Majibu yanajulikana, kwani kila mtaa unayaona. Mtoto mmoja yuko mgongoni, amefungwa kwa leso, mama akipima omena kwa gorogoro. Mwingine amelala chini ya meza ya sukuma wiki, juu ya gunia, na pikipiki zinapita hatua mbili kutoka alipo. Mwingine yuko kwa jirani aliye na watoto wengine wanane katika chumba kimoja. Mwingine amefungiwa nyumbani na dada yake wa miaka tisa, ambaye siku hiyo hakwenda shule. Wako pia walio na yaya, na wako waliobahatika kuwa na nyanya karibu, dani kama aitwavyo kwa Dholuo.

Inafaa kukumbuka kwamba kumwachia mtoto mdogo mkononi mwa dada yake hakukuanza mjini. Wajaluo wana neno lake: japidi, yaani mtoto, mara nyingi msichana, anayepewa kazi ya kumbeba na kumtuliza mdogo wake wakati mama yuko shambani au mtoni. Wasiojua mila hiyo huiona kama uzembe. Haikuwa uzembe. Japidi alikuwa ndani ya boma. Dani alikuwa mlangoni pa nyumba yake, akina mama wengine walikuwa karibu, na mama mwenyewe alikuwa mwendo wa kuita. Mtoto akianguka, watu wazima watatu walisikia.

Mjini boma halipo. Katika ploti ya vyumba vya kupangisha kule Shauri Yako au Oruba, majirani wote wamekwenda kazini, na anayebaki na mtoto ni mtoto mwenzake, pamoja na jiko, ndoo ya maji na mlango uliofungwa kwa nje. Kilichobaki cha mila ile ni mzigo tu. Watu waliousaidia kuubeba wamebaki kijijini. Na yule dada ana haki yake pia. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaka kila mzazi kuhakikisha mtoto wake anahudhuria shule. Mwalimu anayeona kiti kile kile kitupu kila siku ya soko hana haja ya kutafuta sababu mbali.

Tazama sasa jinsi huduma za umma zinavyomfuata mtoto. Mama akiwa mjamzito kuna kliniki. Akijifungua kuna wadi ya wazazi. Mtoto akizaliwa kuna chanjo, kisha anarudi akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Baada ya hapo, mlango mkubwa unaofuata wa huduma ya kila siku ni darasa la chekechea, PP1, ambako mtoto hupokelewa akiwa na miaka 4. Mama aliyeajiriwa kwa mkataba ana miezi mitatu ya likizo ya uzazi yenye mshahara kamili chini ya Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Hesabu ni rahisi. Kutoka miezi mitatu hadi miaka minne, kila familia inajitafutia.

Hata hiyo miezi mitatu haifiki kwa muuza omena. Hana mwajiri wa kumpa likizo. Wahudumu wa afya humshauri amnyonyeshe mtoto maziwa yake pekee kwa miezi sita, bila maji wala uji, naye anakubali. Kisha anaporudi ufuoni mtoto akiwa na wiki sita, nyumbani mtoto anapewa uji mwepesi kwa sababu titi limekwenda kazini. Ushauri ulikuwa sahihi, na mama hakuwa mkaidi. Kilichokosekana ni chumba.

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inawataka waajiri kutenga mahali pa mama kunyonyesha kazini. Sokoni hakuna mwajiri. Lakini mwenye soko yupo: ni serikali ya kaunti, ambayo hukusanya ushuru pale kila siku. Soko linapopangwa, mazungumzo huwa juu ya paa, taa, vyoo, maji na vibanda. Yote hayo ni ya lazima. Chumba cha watoto mara nyingi hakitajwi, na si kwa sababu kuna aliyekipinga. Hakuna aliyekiomba.

Na hapa kuna jambo ambalo wakaazi wengi hawajaambiwa waziwazi. Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010, linalogawa kazi kati ya serikali ya kitaifa na serikali za kaunti, limeipa kaunti elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya kutunza watoto. Hayo yametajwa pamoja, katika kifungu kimoja. Madarasa ya chekechea yamejengwa na walimu wake wameajiriwa, na wananchi wamezoea kuyadai yakichelewa. Vituo vya kutunza watoto vimekaa katika mstari ule ule tangu 2010, na ni nadra mtu kusimama kwenye baraza akauliza viko wapi. Kaunti ya Nairobi ilipitisha sheria yake ya vituo hivyo mwaka 2017, kwa hiyo si jambo geni nchini.

Wapo watakaosema kwamba hiyo ni anasa ya jiji kubwa. Nairobi yenyewe ina jibu, tena kutoka mtaa usio na anasa yoyote. Huko Korogocho, watafiti waliwapa baadhi ya akina mama vocha za kulipia vituo vya kulea watoto, kisha wakawalinganisha na wenzao wa mtaa huo ambao hawakupewa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019. Waliopata msaada huo walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuwa na kazi. Kwa akina mama wanaolea peke yao, ambao walikuwa wakifanya kazi hata hivyo, waliweza kupunguza saa za kazi bila mapato yao kushuka. Mama wa namna hiyo katika soko la Homa Bay hahitaji kufafanuliwa maana yake. Huwa anauza hadi usiku kwa sababu mchana nusu ya mikono yake ilikuwa imemshika mtoto.

Kuna hasara nyingine isiyohesabika kwa shilingi. Tarehe 13 Septemba 2019, hapa hapa kaunti ya Homa Bay, katika Ndhiwa, Kenya ilizindua chanjo ya malaria kwa watoto. Migori nayo ilikuwa miongoni mwa kaunti nane zilizochaguliwa, kwa kuwa malaria katika ukanda huu wa ziwa haina msimu wa kupumzika. Kenya, Ghana na Malawi ndizo zilizotangulia, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo hiyo itumike kwa upana zaidi kutokana na yaliyoonekana katika nchi hizo tatu. Watoto wa kutoka ufuo huu waliisaidia dunia kujua.

Chanjo hiyo ina dozi nne. Ilipoanza zilipangwa mtoto akiwa na miezi 6, 7, 9 na 24. Dozi tatu za kwanza hufuatana karibu, na mama bado yuko katika mazoea ya kliniki. Ya nne huja baada ya muda mrefu, mtoto akiwa anakimbia na mama amezama katika biashara, na ndiyo inayosahaulika kwa urahisi. Siku ya kliniki huangukia siku ya mzigo. Anayekaa na mtoto ni msichana mdogo, au jirani ambaye hana kijitabu cha kliniki na hajui tarehe. Kituo kizuri cha kulea watoto kingekuwa na nakala ya tarehe hizo ukutani, na mhudumu wa afya wa jamii angepita pale akawakuta watoto ishirini mahali pamoja badala ya kugonga milango ishirini iliyofungwa. Kwa sasa, tarehe ambayo muuguzi ameandika kwenye kijitabu ndiyo ya kufuata, na mtoto aliyepitwa nayo apelekwe tu zahanati. Hatafukuzwa.

Akina baba wasidhani mazungumzo haya ni ya akina mama. Kifungu cha 53 cha Katiba kinasema mtoto ana haki ya malezi ya wazazi wote wawili kwa usawa, wawe wameoana au hawakuoana. Mwanamume aliyeajiriwa ana wiki mbili za likizo mtoto wake anapozaliwa. Mwenye boda boda hana likizo, lakini ana pikipiki, na pikipiki inayobeba abiria kutwa kwenda hospitali ya rufaa inaweza kumbeba mtoto wake mwenyewe asubuhi moja kwenda kuchanjwa. Wauguzi hawamshangai tena baba akiingia kliniki na mtoto mkononi. Anayeshangaa ni jamaa zake kijiweni, nao watazoea.

Kabla vituo vya kaunti havijakuwepo, vya watu binafsi vipo tayari mitaani, wengi wakiviita deikea. Havifai kudharauliwa. Mama anayewapokea watoto wa wenzake chumbani mwake anafanya kazi ambayo hakuna mwingine aliyejitolea kuifanya. Kumfungia bila kumpa njia nyingine ni kuwarudisha watoto chini ya meza. Anachohitaji ni kutembelewa, kufundishwa na kuandikishwa. Mzazi naye ana haki ya kuangalia kabla ya kumwacha mwanawe: kama jiko la makaa liko mbali na wanapolala watoto, kama maji ni safi na choo kipo, kama kuna chandarua, kama mtu mzima mmoja ameachiwa watoto asioweza kuwabeba moto ukizuka, na kama kuna daftari la kuandika nani atamchukua mtoto jioni. Afike siku moja saa ambayo hakutarajiwa. Mtoto anayekutwa amelala kila mara, mchana na jioni, aulizwe amepewa nini. Dawa ya kumlaza mtoto ili asisumbue haina nafasi katika kituo chochote.

Jambo la saa litamkwe waziwazi, maana hapo ndipo mipango mizuri huharibikia. Kituo kinachofunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa kumi jioni kinamfaa karani. Kwa mama wa omena, saa mbili asubuhi nusu ya kazi imekwisha. Wanaopanga kituo cha soko la samaki wawaulize kwanza wauzaji wanaamka saa ngapi, na kama kuna malipo ya mzazi, yawe ya siku, kwa sababu pato lake ni la siku. Anayelipwa kila jioni hawezi kutoa ada ya muhula kwa mkupuo.

Mlango wa kulidai hili upo, na una tarehe. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Kabla ya hapo, makadirio ya bajeti huwasilishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata huwasilishwa kufikia tarehe 1 Septemba. Katiba inalitaka bunge la kaunti kuwashirikisha wananchi katika kazi zake. Vikao hivyo mara nyingi hufanyika asubuhi siku ya kazi, na wanaohudhuria ni wenye nafasi, yaani si akina mama wa sokoni. Kamati ya soko inaweza kumchagua mmoja aende kwa niaba ya wengine, wenzake wakimwangalizia kibanda, akiwa na ombi lililoandikwa: chumba kimoja, soko gani, watoto wangapi, kifunguliwe saa ngapi. Mradi usiokuwa na mahali wala idadi ni rahisi kuahirishwa.

Idadi hiyo inaweza kuanza kupatikana wiki hii. Mwenyekiti wa kila soko apite meza kwa meza siku moja yenye watu wengi, ahesabu watoto walio chini ya miaka minne, waliopo pale na walioachwa nyumbani, na aandike kando ya kila mmoja nani anamwangalia. Karatasi hiyo ipelekwe kwa msimamizi wa wadi, na nakala kwa mwakilishi wadi.