Jani la Ekiyondo na Sikio Linalouma

Usiku, katika vijiji vya Masafu wilayani Busia, Uganda, mtoto akilia huku ameshika sikio, bibi huenda uani kuchuma jani nene la mmea ambao Waganda huuita ekiyondo. Hulibabua kwenye makaa mpaka lilegee, kisha hulikamua. Matone ya kijani, yenye uvuguvugu, huingia sikioni.

Je, yanatibu?

Maabara zimeonyesha kuwa majani hayo, Bryophyllum pinnatum kwa jina la kisayansi, huweza kuzuia baadhi ya bakteria. Lakini kisahani cha maabara si sikio la mtoto. Mwaka 2003 madaktari wa Israeli walichapisha utafiti wa watoto 171 wenye maumivu ya sikio: wengine walitiwa matone ya mitishamba yenye kitunguu saumu, wengine ya ganzi. Ekiyondo haikuwamo. Maumivu yalipungua kwa makundi yote, na watafiti wakaeleza kuwa sehemu kubwa ya nafuu ililetwa na muda wenyewe. Huenda jani nalo husifiwa kwa kazi iliyofanywa na siku mbili tatu za kusubiri.

Hatari iko kwenye kiwambo cha sikio. Kikitoboka, usaha hutoka, na matone yasiyo safi huingiza vijidudu ndani. Shirika la Afya Duniani huelekeza sikio la namna hiyo likaushwe kwa kitambaa safi kilichosokotwa, mara tatu kwa siku, na mtoto apelekwe kituo cha afya. Akivimba nyuma ya sikio, hospitali ni siku hiyohiyo.