MLANGO WA KIZAZI: LILILO LA MAUMBILE NA LILILO MARADHI





Baina ya visiwa vyetu na Mkoa wa Tanga kuna udugu wa siku nyingi. Wengi wetu tuna jamaa Handeni na Korogwe, na jambo hili linawahusu kina mama wa pande zote mbili.

Mlango wa kizazi haufanani kwa wanawake wote. Kwa ambaye hajazaa, tundu lake huwa dogo la mviringo. Kwa aliyezaa kwa njia ya kawaida huwa kama ufa. Wekundu kandokando ya tundu hilo huonekana mara nyingi kwa vijana, kwa waja wazito na kwa wanaotumia vidonge vya uzazi wa majira. Vivimbe vidogo vya ute navyo kwa kawaida havidhuru. Hayo ni maumbile, si kidonda wala si aibu.

Hata hivyo, damu itokayo baada ya kujamiiana, au baada ya hedhi kukoma, isipuuzwe. Saratani ya mlango wa kizazi huanza kimya kimya. Kwa hiyo mwanamke wa miaka 30 hadi 50 akapimwe hata akiwa hana dalili; mwenye virusi vya UKIMWI aanze mapema zaidi. Mhudumu hupaka siki iliyozimuliwa, na penye mabadiliko hugeuka peupe. Weupe huo si lazima uwe saratani, bali hutibiwa kabla haujawa saratani. Wasichana nao wapelekwe kupata chanjo, iliyoanza kutolewa nchi nzima mwaka 2018.

Nasi waume tusiwazuie. Tuwape nauli waende.