Kuvu na Laikeni za Milima ya Taita: Kwa Nini Majina Yake Yanamhusu Mkazi

Matini ya mazungumzo kwa vikundi vya wakazi, vyama vya kijamii vya misitu na shule za Kaunti ya Taita Taveta



Kaunti hii inajulikana mbali kwa mambo makubwa: ndovu wa Tsavo, madini ya vito, mashamba ya mkonge, na ndege wa misitu ya milimani ambao wageni huvuka bahari kuja kuwaona. Mazungumzo haya yanahusu viumbe ambao wengi huwapita kila siku bila kuwatazama: kuvu na laikeni.

Kuvu ni kundi la viumbe wasio mimea wala wanyama. Uyoga unaochomoza baada ya mvua ni kuvu. Ukungu unaoota kwenye mkate ni kuvu. Chachu inayoumua unga wa mandazi ni kuvu pia. Kuvu haina uwezo wa kujipikia chakula kwa mwanga wa jua kama mmea. Hula kwa kuozesha vitu, kwa kushirikiana na kiumbe kingine, au kwa kukishambulia.

Laikeni ni ule utando wa kijivu, kijani au manjano unaoshika kwenye magome ya miti, mawe na hata mabati ya zamani. Nyingine huning'inia matawini kama ndevu za mzee. Wengi hudhani ni ugonjwa wa mti, au ni sehemu ya gome. Sivyo. Laikeni ni kuvu inayoishi pamoja na mwani mdogo sana usioonekana kwa macho. Kuvu ndiyo nyumba, na mwani ndiye mpishi: hutumia mwanga wa jua kutengeneza sukari, na wote wawili wakala. Mti hauliwi. Umetoa mahali pa kukaa tu.

Kazi kubwa iliyobaki

Wanasayansi duniani wamekwisha kuzipa majina aina zipatazo 150,000 za kuvu. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2017 yanasema huenda zipo kati ya milioni 2.2 na milioni 3.8. Maana yake ni kwamba kwa kila aina moja iliyo na jina, zipo kumi au zaidi ambazo hazijulikani. Nyingi kati ya hizo zinatarajiwa kupatikana katika nchi za joto, Kenya ikiwemo.

Milima ya Taita ni mahali pa pekee kwa kazi hiyo. Ni sehemu ya safu ya milima ya kale ambayo kwa kiasi kikubwa iko Tanzania, kuanzia Pare na Usambara hadi Udzungwa. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hupanda miteremko, hupoa, na kugeuka mawingu yanayoigusa misitu ya Ngangao, Mbololo, Chawia na Vuria. Kila kilima kimezungukwa na nyika kavu, kama kisiwa kilivyozungukwa na maji. Viumbe waliokaa kwenye visiwa vya namna hiyo kwa muda mrefu hubadilika wakawa wa hapo tu.

Mwaka 2021, watafiti kutoka Finland pamoja na mtaalamu wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya walichapisha katika jarida la The Lichenologist maelezo ya aina nne mpya za laikeni kutoka misitu ya mawingu ya Taita. Zote ni za jenasi ya Micarea, laikeni ndogo mno zinazofanana na unga uliopakwa kwenye gome au kwenye mti unaooza. Zilipewa majina Micarea pumila, Micarea stellaris, Micarea versicolor na Micarea taitensis. Jina la mwisho limebeba jina la milima hii, na litabaki hivyo katika vitabu vya sayansi vya dunia nzima.

Jina hupatikana vipi?

Mtu anaweza kuuliza: mtafiti hujuaje kwamba kitu ni kipya? Huenda kilishaonekana zamani na mtu mwingine.

Kazi huanzia msituni. Mtafiti hukata kipande kidogo cha gome chenye laikeni, hukitia katika bahasha ya karatasi, na kuandika mahali, urefu kutoka usawa wa bahari, aina ya mti na tarehe. Uyoga hupigwa picha ukiwa mbichi, kwa sababu rangi na harufu hupotea, kisha hukaushwa kwa joto dogo.

Kwenye maabara, kipande hukatwa chembamba kuliko karatasi na kutazamwa kwa hadubini. Hupimwa umbo na ukubwa wa spora, yaani lile vumbi ambalo kuvu huzaliana kwalo. Laikeni hutiwa matone ya kemikali, na rangi inayotokea husaidia kuzitenganisha. Siku hizi husomwa pia vinasaba, kwa kuwa aina mbili zinaweza kufanana kwa macho kama mapacha na kumbe ni za koo tofauti.

Kisha huja kazi ya kulinganisha, na hapo ndipo miaka huisha. Mtafiti hupitia vitabu, kama kile cha laikeni za Afrika Mashariki kilichoandikwa na Swinscow na Krog mwaka 1988, au kile cha uyoga wa Afrika Mashariki cha Pegler cha mwaka 1977. Hulinganisha pia na sampuli zilizokaushwa katika hifadhi ya mimea ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa Amani, Tanzania, mwaka 1902 na kuhamishiwa Nairobi mwaka 1950.

Akiridhika kwamba ni mpya, huchagua sampuli moja iwe kielelezo cha jina hilo daima, na tangu mwaka 2013 ni lazima jina la kuvu lisajiliwe katika kanzidata ya kimataifa kabla ya kutambuliwa. Ni kama mtoto na cheti cha kuzaliwa. Bila cheti mtoto yupo, lakini ni vigumu kumdai haki yake.

Faida kwa mkazi

Swali la pili ni la haki kabisa: mkulima wa Werugha au mfugaji wa Kasigau ananufaika vipi?

La kwanza ni maji. Laikeni na mimea midogo inayofunika matawi hunasa matone ya ukungu hata siku ambazo mvua haijanyesha, na kuyaachilia polepole. Tone moja si kitu, lakini haba na haba hujaza kibaba. Mto Voi huanzia katika milima hii. Baadhi ya laikeni zenye umbo la utelezi zikilowa huchukua pia nitrojeni kutoka hewani. Zinapoanguka na kuoza, udongo wa msitu hupata mbolea ambayo hakuna aliyeinunua.

La pili ni uyoga wa mchwa. Katika nyanda za Tsavo, mchwa wanaojenga vichuguu vikubwa ni wakulima. Hulima kuvu aina ya Termitomyces ndani ya kichuguu, kwa kuwa wao wenyewe hawawezi kumeng'enya vizuri nyasi na miti mikavu wanayobeba. Kilimo hicho kilianza Afrika yapata miaka milioni 30 iliyopita, kabla binadamu hajakuwepo. Mvua zikinyesha, kuvu hiyo hutoa uyoga mtamu unaopendwa katika jamii nyingi za Afrika. Binadamu bado hajaweza kuulima kibiashara kama anavyolima uyoga wa kawaida wa mashambani. Anayevunja kichuguu anavunja shamba.

La tatu ni mahindi, na hapa kutambua aina ya kuvu ni suala la kufa na kupona. Mwaka 2004, sumu ya aflatoksini iliwaua watu 125 kati ya wagonjwa 317 walioripotiwa nchini, hasa katika maeneo ya Makueni na Kitui. Sumu hiyo hutengenezwa na kuvu za jenasi ya Aspergillus zinazoota kwenye mahindi. Watafiti walipochunguza mahindi ya maeneo yale walikuta kundi la kuvu linalotoa sumu nyingi mno kuliko jamaa zake. Walikuta pia, katika mashamba ya Kenya hii hii, jamaa wa kuvu hiyo wasiotoa sumu kabisa. Hao wapole ndio waliotumiwa kutengeneza Aflasafe KE01, ambayo husambazwa shambani kabla mahindi hayajachanua ili kuvu isiyo na sumu iitangulie ile yenye sumu. Kama kuvu zote zingeitwa "ukungu" tu, dawa hiyo isingepatikana.

Dawa hiyo haiondoi wajibu wa mkulima. Mahindi yaanikwe juu ya turubai, si juu ya udongo. Yakaushwe hadi unyevu usizidi asilimia 13.5 kabla ya kuhifadhiwa. Punje zilizooza au kubadilika rangi zisiliwe, wala zisipewe kuku au ng'ombe wa maziwa, kwa kuwa sumu hupita hadi kwenye maziwa.

Tahadhari ya uyoga

Msimu wa mvua ndio msimu wa ajali za uyoga, na watoto ndio huumia zaidi. Upo uyoga mkubwa mweupe unaoota kwenye nyasi za viwanja, uitwao kitaalamu Chlorophyllum molybdites. Unafanana sana na uyoga unaoliwa, lakini spora zake ni za kijani, na mlaji hutapika na kuharisha vibaya. Kuna aina nyingine duniani zinazoharibu ini, na dalili zake huchelewa saa sita au zaidi. Mgonjwa hudhani amepona, kumbe sumu inaendelea kufanya kazi ndani.

Zipo imani ambazo hazifai kutegemewa. Si kweli kwamba uyoga ulioliwa na konokono ni salama kwa mtu. Si kweli kwamba kijiko cha fedha hugeuka rangi kikigusa uyoga wenye sumu. Wala kuchemsha hakuondoi kila sumu. Kanuni ni moja: uyoga usioujua kwa hakika usiule. Mtu akiugua baada ya kula uyoga apelekwe hospitalini mara moja, na mabaki ya uyoga yabebwe ili aina yake itambuliwe.

Miti si misitu

Sasa lile linalotishia hazina hii. Watafiti walilinganisha picha za angani za Milima ya Taita za mwaka 1955 na za mwaka 2004. Waliona kwamba eneo lenye miti kwa jumla halikupungua sana. Lakini misitu ya kiasili ilipungua kwa hekta 260, yaani takriban nusu. Pengo lilizibwa na misonobari, mikaratusi na miti mingine ya kigeni.

Mtu akisimama Mwatate na kutazama juu, ataona kijani na kuridhika. Laikeni haioni hivyo. Mkaratusi huambua gome lake mara kwa mara, na kilichoota juu yake huanguka nalo. Laikeni nyingi za msitu wa mawingu zinahitaji mti mzee, kivuli, ukungu na gome lililokaa miaka mingi. Mti wa asili ukikatwa leo na mche ukapandwa kesho, itachukua miongo mingi kabla gome hilo halijapatikana tena. Na aina inayoishi kwenye kilima kimoja tu ikipotea hapo, hakuna mahali pengine pa kwenda kuitafuta.

Kila mkazi anaweza kufanya jambo. Anayepanda miti karibu na chemchemi au mpaka wa msitu achague ya kiasili. Kuni zikiokotwa kwa utaratibu wa chama cha msitu, magogo makubwa yanayooza yaachwe, kwani ndiyo makao ya kuvu. Magome yasiambuliwe kuzunguka mti mzima. Laikeni zisikwanguliwe kwenye miti ya matunda kwa kudhani ni ugonjwa.

Haki ya jamii

Katiba ya Kenya, kifungu cha 69, inaitaka Serikali kulinda rasilimali za kijenetiki na maarifa asilia ya jamii kuhusu viumbe hai. Mtafiti yeyote anapaswa kuwa na kibali cha utafiti kutoka NACOSTI, na anayechukua sampuli kwa ajili ya vinasaba vyake anahitaji pia kibali kupitia NEMA, kinachotanguliwa na ridhaa ya wahusika. Mkazi ana haki ya kuuliza vibali hivyo kwa heshima, na kuuliza matokeo yatarudishwa vipi kijijini. Mtafiti mwenye nia njema hufurahi kuulizwa.

Wazee na kina mama wanaojua uyoga upi huliwa, huota wapi na baada ya mvua ipi, wana elimu ambayo haijaandikwa popote. Vijana na wakae nao, waandike majina hayo kwa Kitaita, Kitaveta na lugha nyingine za kaunti. Jina la Kilatini humsaidia mtafiti aliye Nairobi au Helsinki kujua ni kitu gani kinachozungumzwa. Jina la nyumbani huonyesha kwamba kitu hicho kilikuwa na wenyewe tangu awali.