Dawa Isiyopatana na Damu Yako
Mazungumzo na wakazi, Watamu

Mimi si daktari, kazi yangu ni mawasiliano ya kaunti, na haya nimeyatoa kwa wenye ujuzi.

Mara nyingi mtu husema, "Dawa ile haipatani na damu yangu," nasi tukamcheka. Wakati mwingine anasema kweli. Ndani ya chembe nyekundu za damu mna kimeng'enya kiitwacho G6PD, ambacho huzikinga zisiharibike. Wapo wengi hapa Pwani waliozaliwa na upungufu wake. Hukaa miaka bila kujijua, hadi wapewe dawa fulani: primakwini ya malaria, au dapsoni, mojawapo ya dawa za ukoma. Hapo chembe hupasuka kwa wingi, macho yakawa ya manjano, mkojo ukawa mweusi kama soda ya kola. Lapdap, dawa ya malaria iliyokuwa na dapsoni ndani yake, iliondolewa sokoni mwaka wa 2008 kwa sababu hiyo.

Mtauliza, jeni yenye hasara hivi imebakije kwetu vizazi vyote hivi? Jibu ni malaria yenyewe. Mwaka wa 2015, watafiti wa KEMRI hapa Kilifi walieleza kwamba wasichana waliorithi nakala moja yenye upungufu na moja nzima walikuwa na kinga kiasi dhidi ya malaria kali. Wavulana, ambao hurithi nakala moja tu kutoka kwa mama, hawakuipata kinga hiyo. Basi kaka na dada wa tumbo moja, jeni ni ile ile: dada imemkinga, kaka imemwachia hatari ya dawa.

Linalonitia wasiwasi zaidi, hata hivyo, ni sanduku la nguo. Vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo vingi huwa na naftalini. Mtoto mchanga mwenye upungufu huu akivikwa nguo zilizokaa navyo, manjano yaweza kupanda hadi yakadhuru ubongo. Hifadhini nguo za watoto bila vidonge hivyo. Na mkiona macho ya mtoto yamegeuka manjano, msimwanike juani mkasubiri. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Dawa mseto ya malaria, AL, ambayo wengi hupewa, haina tatizo hili, kwa hivyo msiiache. Lakini kama kwenu yupo aliyewahi kukojoa mkojo mweusi baada ya kumeza dawa, mwambieni daktari kabla hajaandika, hata kama hakuuliza. Tena itajeni dawa yenyewe kwa jina. "Kile kidonge cheupe" hakimsaidii. Vyeupe ni vingi.