Baba Mwanamuziki na Binti Mwandishi



Nimetakiwa niseme machache juu ya kuhifadhi karatasi za ukoo. Kwa kuwa wengi wetu twaishi hapa Uingereza, naomba nitoe mfano wa nyumba moja ya wenyeji wetu.

Charles Burney, aliyezaliwa Shrewsbury mwaka 1726, alikuwa mpiga kinanda kanisani na mwalimu wa muziki. Alisafiri Ufaransa, Italia na Ujerumani kukusanya habari, na kati ya 1776 na 1789 akatoa historia ya muziki yenye juzuu nne. Katika kunakili kazi zake alisaidiwa na binti yake Frances, aliyezaliwa 1752.

Binti huyo alikuwa na yake ya kuandika. Mwaka 1767, alipotimiza miaka 15, aliyatia moto maandishi yake, akihofu kuwa kazi hiyo haimstahiki msichana. Lakini kalamu haikumwacha. Mwaka 1778 riwaya yake Evelina ilitoka bila jina la mwandishi. Aliinakili kwa mwandiko wa kujigeuza, asije akatambuliwa na wachapaji waliouzoea mwandiko wake katika vitabu vya baba.

Baba alipojua, alifurahi mno. Hata hivyo, mwaka 1779 Frances alipoandika mchezo wa kuchekesha, The Witlings, baba huyo huyo pamoja na rafiki yao Samuel Crisp walimzuia. Haukuchezwa jukwaani maisha yake yote.

Burney alifariki mwaka 1814, na karatasi zake zikawa mikononi mwa bintiye. Naye aliharibu nyingi, kisha mwaka 1832 akatoa maisha ya baba kama alivyopenda yakumbukwe. Wenye kuchunguza habari za Burney wanaokoteza vipande vilivyosalia.

Ndugu zangu, watu hawa walipendana. Kila mmoja aliificha kalamu ya mwenziwe kwa kuchunga heshima ya nyumba. Nasi tuna ugonjwa huo.

Basi nawaombeni mambo mawili. Barua za wazee wetu zisichomwe, hata zile zenye maneno ya ugomvi. Nakala zake zikabidhiwe katibu wetu. Na binti atakayetaka kuandika habari za ukoo huu asizuiwe. Aketi na wazee, aulize, ajibiwe.

Wabillahi tawfiq.